Umeme wa Masaka, Tokeni za Mbali: Hitilafu za Mfumo wa LUKU na Historia ya Utegemezi Mjini Bukoba

Utangulizi

Katika wiki ya tatu ya Mei 2021, mfumo wa ununuzi wa umeme wa LUKU ulishindwa kufanya kazi kwa siku kadhaa nchini Tanzania. Wateja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) walituma fedha kwa simu bila kupata tokeni, na wengi walipanga foleni katika ofisi za shirika hilo kutafuta huduma ambayo walikwishazoea kuipata wakiwa nyumbani. Tukio hilo liliigusa nchi nzima, lakini katika Manispaa ya Bukoba lilikuwa na sura ya pekee. Kata ya Kibeta, kama zilivyo kata nyingine za mji huo, haikuwa ikipata umeme kutoka gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka Uganda, kwa njia ya Masaka, kupitia kituo cha kupoza umeme cha Kyaka. Kwa hiyo nyumba ambayo uniti zake zilikwisha katika siku zile ilikaa gizani kwa sababu isiyohusiana na umeme wenyewe. Ruhusa ya kuutumia ilitoka katika seva zilizo mbali na mkoa, na seva hizo hazikuwa zikijibu.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kauli ya kawaida “mtandao unasumbua”, ambayo husikika kwa wakala wa fedha, benki, zahanati na ofisi ya ardhi, hukusanya chini ya jina moja hitilafu za asili tofauti. Mtafiti anayeipokea kauli hiyo kama maelezo ya sababu hulipoteza tukio lenyewe. Bukoba ni mahali pazuri pa kuzitenganisha hitilafu hizo, kwa kuwa jiografia imekwisha kuzitenganisha: waya wa umeme unatoka upande mmoja na tokeni inatoka upande mwingine.

Waya unaotoka kaskazini

Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliyokuwa yameiteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera yalilivunja daraja la Kyaka. Vita iliyofuata ilimalizika mwaka 1979 kwa kuanguka kwa utawala wake. Ni katika Kyaka hiyohiyo ambako laini ya msongo wa kilovoti 132 kutoka Masaka ilikuja kuishia, na kutoka hapo umeme husambazwa kwa msongo wa kilovoti 33 kuelekea Bukoba, Muleba, Missenyi, Karagwe na Kyerwa. Mahali palipokuwa alama ya uvamizi pamekuwa mlango wa nishati, na jambo hilo halijaandikwa vya kutosha katika historia ya uhusiano wa nchi hizi mbili.

Sehemu kubwa ya umeme wa Uganda huzalishwa Jinja na maeneo ya chini yake katika Mto Nile: kwenye bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, kwenye Kiira, na kwenye Bujagali lililokamilika mwaka 2012. Maji ya Ziwa Victoria yanayopiga ufukwe wa Bukoba hutoka ziwani hapo Jinja, na nguvu yake hurudi Bukoba kwa waya.

Mpangilio huo una athari ya moja kwa moja kwa mwenye kuchunguza chanzo cha giza. Gridi ya taifa inapoanguka, wilaya zinazolishwa kutoka Masaka haziguswi. Laini ya Masaka inapokatika, wilaya hizo huzimika hata kama mabwawa ya Tanzania yamejaa. Kwa muda mrefu, basi, swali “umeme umekwenda wapi?” lilikuwa na jibu la aina moja mjini Bukoba: kuna kasoro mahali fulani katika waya. Fundi aliifuata laini, nguzo kwa nguzo, hadi akalifikia tawi la mti lililoanguka au fyuzi iliyokatika. Kasoro ilikuwa kitu cha kuonekana, na jirani aliyesimama chini ya nguzo aliweza kuishuhudia.

Kutoka ankara hadi tarakimu 20

Mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, uliingia Tanzania katika miaka ya 1990. Msingi wake wa kiufundi ulitoka Afrika Kusini, ambako mwanzoni mwa muongo huo kulibuniwa kanuni ya pamoja ya mita za malipo ya kabla, ili mita za viwanda tofauti ziweze kupokea tokeni za muundo mmoja. Kanuni hiyo baadaye ikawa kiwango cha kimataifa. Tokeni ni tarakimu 20. Ndani yake, kwa lugha ya usimbaji, kuna kiasi cha uniti na alama ya wakati ilipotolewa. Mita huzisimbua tarakimu hizo kwa ufunguo wake yenyewe, na huzikumbuka tokeni zilizokwisha kutumika ili zisiingizwe mara mbili.

Jambo la kusisitizwa ni kwamba mita hiyo ilibuniwa isihitaji mawasiliano yoyote. Haiulizi seva kitu. Binadamu ndiye waya wa mawasiliano: hununua tarakimu mahali fulani, huzibeba kwenye karatasi au kwenye simu, na kuzibonyeza ukutani kwake. Wabunifu walikuwa wakifikiria vitongoji visivyo na simu, na kwa hali hiyo ubunifu wao ulikuwa wa busara.

Udhaifu uliingia kwa mlango mwingine, na uliingia pamoja na unafuu. Mwanzoni mteja alikwenda kwenye kituo cha mauzo. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania, zikafuata huduma za kampuni nyingine, na taratibu ununuzi ukahamia kwenye simu. Kuanzia mwaka 2017 Serikali ilijenga mfumo wake wa pamoja wa kupokea malipo, GePG, na kabla ya tukio la 2021 ununuzi wa LUKU ulikuwa umekwisha kuunganishwa nao. Kila hatua ilimpunguzia mkazi wa Kibeta safari ya kuteremka mjini. Kila hatua pia iliongeza pingu moja katika mnyororo: simu, mnara, mfumo wa fedha wa kampuni ya simu, mfumo wa malipo wa Serikali, seva ya mauzo, kanzidata ya wateja na mita zao, kifaa kinachosimba tokeni, kisha njia yote kurudi. Mita iliyobuniwa kujitegemea ikawa mwisho wa safari ndefu isiyojitegemea hata kidogo.

Namna tatu za kutojibu

Ili kuelewa kwa nini neno “mtandao” halitoshi, ni lazima kuingia kidogo katika kazi ya fundi wa seva. Kanzidata za aina inayotumika katika mifumo ya mauzo zina asili yake katika pendekezo la Edgar Codd la mwaka 1970 la kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana, na katika kazi za Jim Gray na wenzake kuhusu muamala, yaani kifungu cha kazi ambacho ama hukamilika chote ama huhesabiwa hakikutokea kabisa. Ahadi hiyo ya “yote au hakuna” ndiyo inayofanya fedha ziweze kuaminiwa kwa mashine.

Programu inapoomba muunganisho na kanzidata ikashindwa, kushindwa huko huwa na namna tatu zinazotofautiana sana. Namna ya kwanza ni kukataliwa papo hapo. Mashine ya upande wa pili iko hai na imejibu, ila huduma ya kanzidata haisikilizi, pengine kwa sababu imeanguka au haikuwashwa baada ya umeme kurudi. Namna ya pili ni ukimya: ombi limetumwa, muda umepita, hakuna jibu lolote. Hapo hushukiwa njia, yaani mkongo uliokatika, kifaa cha kati kilichozimika, au ukuta wa usalama unaozitupa pakiti bila kusema. Namna ya tatu ndiyo inayowatesa mafundi zaidi: muunganisho unakubaliwa, au unakataliwa kwa maelezo kwamba nafasi zimejaa, huku mashine yenyewe ikionekana nzima.

Namna hii ya tatu inastahili maelezo. Kila muunganisho hula kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo kanzidata huwekewa kikomo cha idadi yake. Swali moja linalochelewa, labda kwa kuwa limefungia safu ambayo maswali mengine yanaihitaji, huzuia mengine nyuma yake, na kila linalosubiri hushikilia nafasi yake. Kwa dakika chache nafasi zote hujaa watu waliosimama. Hapo mteja asiyepata tokeni hujaribu tena, kisha tena, na wakala humjaribia kwa simu yake. Mzigo huongezeka kwa sababu huduma imeshindwa, na huduma huzidi kushindwa kwa sababu mzigo umeongezeka. Seva iliyowashwa upya katika hali hiyo huanguka tena mara inapofungua mlango, mpaka atokee mtu mwenye uthubutu wa kuwazuia nje baadhi ya wateja kwa muda.

Kuna pia kuanguka kwa makusudi. Kanzidata huandika kwanza katika daftari la miamala jambo inalokusudia kulifanya, kisha hulifanya. Diski inapojaa na daftari halina pa kuandikwa, kanzidata iliyotengenezwa vizuri husimama, kwa kuwa kuendelea kungekuwa kutoa ahadi isiyoweza kuthibitishwa. Ikiwashwa tena hulisoma daftari hilo, hukamilisha yaliyokwisha kuthibitishwa na kuyafuta yaliyoishia njiani. Kwa mtazamaji wa nje hali hii na ile ya mkongo kukatika huonekana sawa kabisa.

Ugumu wa LUKU ulikuwa kwamba ahadi ya “yote au hakuna” inalindwa ndani ya kanzidata moja, ilhali ununuzi hupita katika kanzidata kadhaa za taasisi tofauti. Daftari la kampuni ya simu linaweza kuthibitisha kwamba fedha zimetoka, na daftari la seva ya mauzo likafuta ombi la tokeni kwa sababu liliishia njiani. Kila mashine imetenda kwa usahihi kulingana na kanuni zake. Mteja ana ujumbe wa makato na hana tokeni. Tofauti kati ya madaftari hayo husawazishwa baadaye kwa kulinganisha hesabu, na mteja anasubiri.

Hapa pana kishawishi ambacho mafundi wenye uzoefu huwaonya vijana wao nacho: kuiwasha seva upya kabla ya kuangalia. Kuwasha upya mara nyingi hurudisha huduma, lakini hufuta yaliyokuwa katika kumbukumbu ya mashine, yaani nani alikuwa amemfungia nani na swali lipi lilikuwa limekwama. Ni sawa na kufagia chumba kabla mpelelezi hajafika. Shinikizo la wakubwa wanaotaka huduma irudi sasa hivi ndilo linaloshika ufagio.

Waliotangulia gizani

Kwa kuwa mita huendelea kutoa umeme hadi uniti zilizomo ziishe, kuanguka kwa seva hakukuzima nyumba zote kwa pamoja. Katika hili hitilafu ya seva inatofautiana kabisa na hitilafu ya laini ya Masaka. Laini inapokatika, tajiri na maskini huzimika kwa sekunde ileile. Seva inapokatika, nyumba huzimika kwa kufuata kina cha mfuko. Aliyenunua uniti za mwezi mzima anaweza asijue kama kuna jambo. Anayenunua umeme wa shilingi 1,000 au 2,000 kila jioni, kwa sababu ndicho kipato cha siku, huzimikiwa usiku wa kwanza.

Jikoni athari si kubwa sana, kwa kuwa ndizi katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba huchemshwa kwa kuni au mkaa. Zinazoumia ni saluni, mafundi wa kuchomelea, mashine ndogo za kusaga, majokofu ya wauza samaki, na simu ambazo ndizo chombo cha kununulia umeme wenyewe. Simu ikizimika, mteja hupoteza hata njia ya kujua kwamba huduma imerudi. Wateja wakubwa wa viwanda, ambao kwa kawaida husomewa mita na kulipa baadaye, wako nje ya mduara huu. Kwa hiyo hesabu ya “siku ngapi mfumo ulikuwa chini” haielezi tukio kijamii, maana urefu wa giza ulikuwa tofauti kwa kila mlango.

Swali la kosa

Wakati wa hitilafu ya Mei 2021, aliyekuwa Waziri wa Nishati, Dkt. Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa TEHAMA wa shirika hilo wasimamishwe kazi. Hatua hiyo inaeleweka kisiasa: wananchi walikuwa wamelipa na hawakupata. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, agizo la namna hiyo lina matokeo yake. Huigeuza hitilafu ya mfumo kuwa kosa la mtu, na mtu anaposimamishwa, swali la pingu ipi ya mnyororo ilikatika hukoma kuulizwa hadharani. Kinachobaki katika kumbukumbu za umma ni tangazo la kuomba radhi na habari ya nidhamu.

Si mara ya kwanza kwa Tanzania kuijibu hitilafu ya mashine kwa amri. Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hadi mwaka 1974 zilikuwepo saba. Jaribio la kuziweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta lilikwenda vibaya, na mwaka huo wa 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta isipokuwa kwa kibali. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980. Uhaba wa fedha za kigeni ulikuwa na sehemu yake katika uamuzi huo, na si haki kuusoma kama hofu ya teknolojia tu. Lakini muundo wa jibu unafanana na ule wa 2021: mwaka 1974 aliyesimamishwa ni mashine, na mwaka 2021 ni binadamu. Katika matukio yote mawili uchunguzi wa kiufundi haukuachiwa umma kama urithi wa kujifunzia.

Umuhimu wa urithi huo ulionekana nchini Kenya. Katika shauri la uchaguzi wa rais la mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi itoe fursa ya kukagua seva na kumbukumbu zake. Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu, na jambo hilo likahesabiwa dhidi ya tume katika hukumu iliyobatilisha matokeo tarehe 1 Septemba 2017. Kumbukumbu za seva, ambazo kwa mafundi ni mistari ya kawaida ya kazi za usiku, zilikuwa zimepata hadhi ya ushahidi mahakamani. Mtafiti wa historia ya huduma za umma hana sababu ya kuzipa hadhi pungufu. Taarifa ya kiufundi ya baada ya hitilafu, ikihifadhiwa katika nyaraka za taifa kama zinavyohifadhiwa taarifa za mafuriko na za njaa, ingempa mtafiti wa kesho kitu ambacho tangazo la radhi haliwezi kumpa.

Mkongo na dakika

Mwaka 2024 ulileta hitilafu mbili zinazoweza kutumika kuupima mgawanyo uliojengwa hapa. Jumapili ya tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kaskazini mwa Durban, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Hii ilikuwa hitilafu ya njia, yaani ule ukimya wa namna ya pili. Kurasa zenye seva Ulaya na Marekani hazikufunguka. Hata hivyo, ombi linalotoka Bukoba kwenda seva iliyo ndani ya nchi halina haja ya kupita baharini, kwa kuwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unafika hadi mpaka wa Mutukula. Mahali inapokaa seva, kwa hiyo, ni sehemu ya historia ya hitilafu. Safaricom ya Kenya ilizihamisha seva za M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015. Kabla ya hapo, mtu aliyemtumia jirani yake fedha mjini Kisumu alitegemea njia iliyofika Ulaya na kurudi.

Hitilafu ya pili haikuwa na ghafla yoyote, kwa maana tarehe yake ilijulikana tangu mita zilipobuniwa. Alama ya wakati iliyomo katika kila tokeni huhesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita zote za aina hiyo duniani zilipaswa kubadilishiwa ufunguo kabla ya siku hiyo, vinginevyo zingezikataa tokeni mpya. TANESCO ilifanya kazi hiyo kupitia ununuzi wa kawaida: mteja alipokea makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kwanza yakiwa ya kubadili ufunguo na la tatu likiwa la uniti alizolipia, na aliyaingiza kwa mpangilio huo.

Kazi ambayo katika seva ingefanywa na mhandisi mmoja usiku mmoja iligawanywa kwa mamilioni ya vidole. Bibi wa Kibeta aliyemwita mjukuu asome tarakimu 60 huku yeye akizibonyeza alikuwa akifanya matengenezo ya mfumo wa taifa, bila mshahara na bila kuitwa fundi. Aliyekosea mpangilio, au aliyekuwa na nyumba iliyofungwa kwa kuwa wenyewe wako Mwanza, alibaki na mita isiyotambua tokeni mpya. Laini ya Masaka ingeweza kuwa na umeme, mkongo ukawa mzima na seva zikajibu bila kuchelewa, na bado taa ya nyumba hiyo isingewaka.